Barua Uliyoizuia Ina Mtu Anayeisubiri

Barua ile ilikaa kwenye foleni yangu siku tisa. Aliyeiandika alikuwa mama mmoja aliyejiunga wiki hiyohiyo na kundi letu la barua pepe, kundi la watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Aliuliza namna ya kumwogesha mzazi aliyepoteza kumbukumbu ambaye kila akiguswa anapiga kelele. Kwa utaratibu wetu, barua ya kwanza ya mwanachama mpya hukaa kwenye foleni, haiendi kwa wenzake mpaka msimamizi, yaani mimi, aisome na kuipitisha. Niliisoma siku ileile. Mwishoni ilikuwa na sentensi mbili kali kuhusu jamaa wanaotoa ushauri bila kushika hata ndoo ya maji. Nikajiambia nitaitafakari kesho, na kesho nikawa na mengine.

Alipoandika tena hakuulizia barua yake. Aliomba jina lake liondolewe kundini, kwa kuwa ameona hakuna aliyemjali. Wanachama zaidi ya mia tatu hawakuwa wameiona barua hiyo hata kidogo, lakini yeye aliamini wote wameisoma na wakanyamaza.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyoifanya kazi hii. Ukikabidhiwa usimamizi wa kundi, utadhani kazi ngumu ni kuamua barua ipi ipite na ipi isipite. Kuamua si kugumu sana. Kinachoumiza watu ni barua iliyokaa bila uamuzi, kwa sababu mtumaji haoni foleni yako. Anaona kimya tu, na kimya hicho anakitafsiri kwa namna inayomuumiza zaidi.

Kwa hiyo mimi hufungua foleni mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na siifungi ikiwa na barua ambayo sijaigusa. Ikinitatiza, namwandikia mtumaji palepale: nimeipata, nahitaji siku moja, nitakujibu kabla ya kesho jioni. Mistari miwili inatosha. Tena usisimamie peke yako. Tafuta mwenzako mwenye uwezo wa kufungua foleni hiyohiyo, muwe mnapeana zamu, kwa maana siku utakayougua au kusafiri ndiyo siku mtu atakayoandika jambo la dharura.

Barua nyingi zinazozuiliwa hazina ubaya wowote. Ukitumia Mailman, mojawapo ya programu kongwe za kazi hii, kila barua iliyozuiliwa huja na sababu yake, nawe uisome hiyo sababu kabla ya kusoma barua. Mara nyingi ni mwanachama halali aliyeandika kwa anwani yake ya pili, ile ya kazini, ambayo programu haiijui. Pengine barua imezidi ukubwa: katika toleo la pili la Mailman kikomo cha kawaida kilikuwa KB 40, na picha moja ya simu inakivuka mara nyingi. Au mtumaji ameweka anwani kumi na zaidi kwenye orodha ya wapokeaji, programu ikamshuku. Watu wa namna hii usiwafanye wahisi wamekosea. Iongeze anwani ya pili kwenye akaunti ya mwanachama, barua yake ipite, basi. Mwenye picha mwombe aipunguze au aiweke mahali pengine na kutuma kiungo.

Barua taka nazitupa bila kujibu. Ukizijibu unamthibitishia mtumaji kwamba anwani inafanya kazi, na mara nyingi jina lililo juu ya barua ni la mtu asiye na habari ambaye anwani yake imeghushiwa. Majibu ya otomatiki ya watu walio likizoni nayo hutupwa, na haraka, maana jibu la otomatiki likipenya kwenye kundi linaweza kuamsha jibu la otomatiki la mwingine.

Barua inayostahili muda wako ni ile ya mtu aliyekasirika. Hapo nina msimamo ambao wasimamizi wenzangu wengine hawaukubali: siihariri barua ya mtu. Sifuti sentensi, silainishi neno. Ukifuta sentensi moja na kuiachia barua ipite kwa jina lake, umemsemesha maneno ambayo hakuyachagua, na akigundua hatakuamini tena. Ama ipite ilivyo, ama irudi kwake.

Ikirudi, irudi na maelezo ya mtu kwa mtu. Programu ina ujumbe wake wa kukataa, mkavu, usiosema lolote. Usiutumie peke yake. Mimi huandika hivi: “Ndugu, barua yako nimeisoma yote. Hoja yako kuhusu dawa za usiku wenzetu wanaihitaji. Aya ya tatu inamtaja mwenzetu kwa jina na kumwita mwongo; hiyo siwezi kuipitisha. Ukiiandika upya bila kumtaja, nitaipitisha leo hii.” Namtajia aya, namtajia sababu, na namweleza kitakachofuata. Barua aliyoiandika nairudisha pamoja na maelezo, maana wengine hawana nakala na kuandika upya kunachosha. Wengi huirekebisha siku hiyohiyo. Wachache hukasirika zaidi, nami huwaacha wapumue.

Jiulize pia kama kinachokukera ni kosa kweli au ni sauti tu ya mtu aliyechoka. Zile sentensi mbili za yule mama hazikumtukana yeyote kundini. Zilinikera mimi, kwa sababu niliwahi kuwa jamaa wa namna hiyo.

Kuna aina nyingine ya barua ninayoizuia kwa makusudi hata kama imetoka kwa mwanachama wa miaka mingi: ile aliyodhani anamwandikia mtu mmoja. Makundi yaliyopangwa majibu yarudi kwa wote huleta ajali hizi kila mara. Mtu anamjibu rafiki yake, anataja ugonjwa wa mumewe, jina la daktari, hata namba ya simu, kumbe inakwenda kwa mamia. Nikiikuta kwenye foleni namuuliza kwanza: ulikusudia wote waisome? Ikishatoka haiwezi kurudishwa. Kila mpokeaji ana nakala yake, na kumbukumbu za kundi nazo zinaihifadhi.

Na usidhani kupitisha barua ni sawa na kuifikisha. Aprili 2014 Yahoo ilibadilisha sera yake ya DMARC, utaratibu wa kuhakiki kwamba barua pepe imetoka kweli kwa mwenye anwani, ikaziagiza seva nyingine zikatae barua yenye anwani ya yahoo.com isiyothibitika kuwa imetoka kwake. Barua inayopita kwenye kundi hutumwa upya na seva nyingine, mara nyingi ikiwa imeongezwa jina la kundi kwenye mada au maneno chini yake, kwa hiyo uthibitisho unavunjika. Makundi mengi yaliona barua za wenye anwani za Yahoo zikigonga mwamba, na wapokeaji wasio na kosa wakisimamishwa na programu ya kundi kwa sababu barua zilikuwa zinarudi. Mpangilio wa kuweka anwani ya kundi kwenye nafasi ya mtumaji upo. Uwashe, kisha jiandikishe mwenyewe kwa anwani mbili za watoa huduma tofauti ili uone kama barua unazopitisha zinafika.

Yule mama nilimwandikia, nikamweleza kwamba barua yake haikutoka mikononi mwangu na kwamba kosa lilikuwa langu. Nilimwomba ruhusa ya kuipitisha hata kama hatarudi. Alikubali. Ilipita jioni ile, na zile sentensi mbili zikiwa ndani yake, na kabla ya usiku kuisha watu kumi na mmoja walikuwa wamemjibu kuhusu maji ya vuguvugu, taulo mabegani, na kuanza na miguu.