Saladi ikinyauka mchana, vuta mche uangalie mizizi

Juzi msomaji wa Makambako ameniandikia: "Dada, saladi zangu za kwenye maji zinanyauka mchana, jioni zinasimama tena. Nipulize dawa gani?" Picha alizotuma zote za majani. Nikamwomba avute mche mmoja. Mizizi ya kahawia, inateleza, inanuka, ukiivuta ganda linatoka mkononi unabaki na kijiuzi.

Hiyo ni Pythium, vimelea vya kuozesha mizizi, ile ile inayoleta kinyausi (miche kuanguka na kufa) kwenye vitalu vya nyanya, na ukoo wake ni mmoja na bakajani chelewa inayotumaliza kwenye viazi. Vijimbegu vyake vina mikia, vinaogelea. Kwenye maji yanayozunguka, mche wa kwanza ukiugua, wa mwisho unakunywa maji yale yale. Kwa hiyo atakayekuambia kilimo bila udongo hakina magonjwa, muulize anauza nini.

Mimi niliuziwa. Duka moja la pembejeo, sitalitaja, lilinipa dawa ya shaba ya kupuliza majani kwa ugonjwa ulioko mizizini. Majani yakapata madoa ya buluu, mizizi ikaendelea kuoza. Na msimu huo huo hoteli niliyokuwa naipelekea saladi kila wiki ikanirudishia kreti zote kwa sababu ya vidukari, vichache tu, ambavyo bakuli la maji ya chumvi lingevitoa. Hawakupiga simu tena. Sasa hivi saladi inayoliwa pale inatoka mbali na inafika imelegea, lakini hayo tuyaache.

Kilichoniokoa si chupa, ni tenki. Mizizi inahitaji hewa, na maji yakipata joto hewa inakimbia: usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Sisi wa Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tunaanza na pungufu. Watu wanadhani baridi yetu inatosha. Nenda Oktoba saa nane mchana uingize mkono kwenye tenki lililo chini ya nailoni! Langu nimelifukia nusu ardhini, nimelipaka nyeusi kisha nyeupe juu yake, mwanga usipenye wala joto lisikae. Mwanga ukiingia unaota ute wa kijani, na ute huo unaita vijinzi vidogo vyeusi ambavyo funza wao hutafuna mizizi. Maji yawe nyuzi 18 hadi 22, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 5.5 na 6.5, pampu ya hewa usiku na mchana. Umeme ukikatika nachota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, hata kama ni usiku wa manane. Wewe unayetaka kilimo cha kubofya simu, fuga samaki wa mapambo.

Mche ulioshaoza haurudi. Ng'oa, mwaga maji yote, osha mabomba kwa klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, acha nusu saa, suuza sana. Ndipo upande upya.

Juni na Julai shida inahamia juu. Asubuhi nailoni inadondosha matone kwenye majani, na ugonjwa wa ukungu wa kijivu unataka hicho hicho. Fungua pembeni jua likichomoza, hata kama unatetemeka.

Vidukari navyo ni wavu wenye matundu madogo, karatasi za njano zenye gundi, na maji ya sabuni chini ya jani jioni, mbali na tenki. Usizidishe naitrojeni, jani laini mno ndilo wanalolipenda. Vijana wenzangu, tunapenda mno kununua dawa kuliko kuinama tukatazama.

Na mlango. Wageni wanatoka kwenye mashamba ya nyanya Uyole na viatu vile vile, wanataka kupiga picha. Kwangu kuna beseni la klorini mlangoni na hakuna anayeruka. Wapo waliokasirika wakageuza. Diwani alilalamikia viatu vyake vya ngozi, akavivua, akaingia na kandambili zangu.