Swali la lugha: "Masafa finyu" au "masafa membamba"?

SWALI: Mimi ni fundi wa simu za upepo hapa Nairobi. Tunahudumia kampuni ya ulinzi yenye ripita za zamani, yaani mitambo inayopokea mawimbi ya redio za mkononi na kuyarusha tena ili yafike mbali, na sasa tunazitoa kwenye chaneli zenye upana wa kilohezi 25 kuzipeleka kwenye zenye upana wa kilohezi 12.5. Nimewaandikia walinzi tangazo: "Ripita zote zimebadilishwa ziwe za masafa finyu." Mwenzangu anashikilia kwamba ni "masafa membamba". Nani kati yetu yuko sawa?

JIBU: Ndugu fundi, mwenzako amechagua kivumishi bora na kukipatanisha vizuri, maana masafa yako katika ngeli ya YA-YA. Hata hivyo, ningewaomba nyote wawili mliondoe neno masafa katika sentensi hiyo.

Masafa ni umbali kabla ya kuwa jambo la redio. Mkimbiaji wa masafa marefu anajulikana kwa kila Mkenya. Mlinzi aliye lindoni Karen akisoma kwamba redio yake sasa ni ya "masafa finyu", ataelewa kwamba haifiki tena ofisini Industrial Area. Atakuwa amesoma Kiswahili sawasawa. Tangazo ndilo litakuwa limempotosha, na katika kazi ya ulinzi hilo si jambo dogo.

Hata kwa maana ya kiufundi, yaani mahali ambapo redio hurushia mawimbi yake, masafa hayajaguswa. Ripita iliyokuwa ikirusha kwenye megahezi 155.25 itaendelea kurusha pale pale. Kilichopungua ni upana wa chaneli. Mawimbi yaliyoruhusiwa kuyumba hadi kilohezi 5 juu na chini kufuata sauti ya msemaji, sasa hayapaswi kuzidi 2.5, na chujio la kipokezi nalo hubanwa ili lisipokee kelele za chaneli jirani. Marekani iliwataka watumiaji wengi wa VHF na UHF, bendi za redio za aina hii, wafanye hivyo kufikia Januari 1, 2013, ili nafasi ya chaneli moja itoshe mbili. Basi sema chaneli nyembamba. Ukipenda ukanda, ni ukanda mwembamba.

Kuhusu "finyu", neno hili hubeba lawama. Nafasi finyu ni ile isiyotosha, na mawazo finyu hakuna anayeyasifu. Wembamba hutaja kipimo tu, bila kulalamika.

Kuna neno jingine ambalo hukuliuliza, nami naliona zito zaidi: "zimebadilishwa". Mtu akikuambia amebadilisha betri, unajua ya zamani imeondoka na mpya imeingia. Meneja wa kampuni hiyo anaweza kuamini amenunuliwa ripita mpya, kumbe ni zile zile, mmepunguza yumbo, mkatia chujio jingine na kusawazisha sauti. Hiyo ni kurekebisha. Andika hivi: "Ripita zetu zimerekebishwa zitumie chaneli nyembamba. Masafa ni yale yale."

Ongeza pia onyo kuhusu redio za mkononi zitakazochelewa kupangwa upya. Redio iliyobaki kwenye upana wa zamani itasikika ikikwaruza inapopita kwenye ripita iliyorekebishwa. Yenye chaneli nyembamba ikipokewa na redio ya upana wa zamani, sauti hutoka kwa chini. Hapo usiandike "sauti nyembamba", ingawa utakuwa umekizoea kivumishi hicho. Kwa Kiswahili sauti nyembamba ni ile ya juu, kama ya mtoto, na inaweza kusikika mtaa mzima. Unachotaka walinzi waripoti ni "sauti hafifu" au "sauti ndogo". Mlinzi akitumia maneno hayo, utajua mara moja ni redio ya nani inayosubiri kupangwa.