Mwenye fimbo asipewe na sikio

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Shule za bweni za Kanisa zilizoko vijijini zifanye nini ili mwanafunzi mwenye mzigo moyoni apate pa kuutua?" Nimekuwa matroni miaka 17 katika sekondari ya wasichana ya masista, huku kwenye baridi ya mkoa wa Njombe, na nimestaafu juzijuzi tu. Jibu langu ni fupi, maelezo ndiyo marefu: yule mwenye fimbo mnyang'anyeni kazi ya kusikiliza.

Shule yetu haikukosa mwalimu wa ushauri nasaha. Jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo, wakaguzi wakija wanaliona. Ila huyohuyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu. Ofisi moja, meza moja, na nyuma ya mlango fimbo tatu za mpera. Mtoto anaingia kusema kwamba mama wa kambo amemtumia salamu asirudi likizo, anaketi, jicho linakwenda nyuma ya mlango. Akiulizwa ana shida gani, anasema tumbo. Basi analetwa kwangu. Mngefungua daftari langu la wagonjwa la miaka ile mngedhani maji ya kisima chetu yana sumu: tumbo, tumbo, kichwa, tumbo.

Simlaumu mwalimu yule. Alikuwa mtu mwema, na walimu walikuwa hawatoshi. Kila mmoja alibeba kofia mbili tatu. Hata fimbo yenyewe alikuwa akiitumia kwa kufuata kanuni za Serikali za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyepewa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Lakini mtoto hasomi kanuni. Anachojua ni kwamba mkono uliomchapa Jumanne ndio unaomkaribisha kiti Alhamisi.

Cha ajabu, Kanisa lenyewe lilishaliona hilo, sisi tulio ndani ndio tumelisahau. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 985 inamzuia mlezi wa wanovisi (wanaojiandaa kuwa watawa), na mkuu wa seminari au wa taasisi nyingine ya malezi, kuwaungamisha wanafunzi anaoishi nao nyumba moja, isipokuwa wenyewe wakiomba kwa hiari katika nafasi fulani. Mtaniambia hiyo ni habari ya kitubio, si ya ushauri. Sawa. Sababu yake je? Anayeamua kama utabaki shuleni au utafungashwa virago si mtu wa kufunuliwa moyo kwa lazima. Kama hilo linamhusu frateri, mwanafunzi wa upadre, mwenye miaka 24, binti wa kidato cha kwanza aliyetoka kwao mara ya kwanza na tranka kichwani linamhusu mara mbili.

Niwape kisa kimoja. Tulikuwa na mtoto wa kidato cha pili aliyeanza kukojoa kitandani akiwa na miaka 15. Alilala dabo deka la juu, na aliyelala chini yake alikuwa dada mkuu wa bweni. Mnaweza kufikiria asubuhi ile. Godoro lilitolewa nje, likaegemezwa ukutani kuelekea njia ya kwenda misa, na shule nzima ikapita mbele yake ikienda kanisani. Kesho yake vilevile. Siku ya nne akapewa jina. Wiki ya pili akaacha kunywa maji kabisa, akawa anakwangua midomo iliyopasuka kwa kucha darasani, na kwa baridi ya Juni ya huku mtu hashtuki, anadhani ni upepo.

Nilimhamishia kitanda cha chini karibu na mlango wangu, nikawa namwamsha saa sita usiku na saa kumi. Halafu nikaenda kwa Sista mkuu na ombi moja: Jumamosi magodoro yote yatoke nje, ya bweni zima, hadi la dada mkuu. Mengine yanayolowa katikati ya wiki yakauke nyuma ya jiko, njia ambayo hapiti mtu ila wapishi. Sista akaniuliza, "Matroni, hilo tu?" Nikamwambia hilo tu kwa sasa, Sista. Sikumuuliza mtoto kitu. Ilikuwa usiku wa tisa au wa kumi, tunarudi kutoka chooni na kurunzi yangu imefifia, ndipo alipoanza mwenyewe: "Mama, baba ameuza ng'ombe." Ng'ombe waliokuwa ada yake. Alikuwa anangoja siku ya kuitwa mstarini na wasiolipa, arudishwe nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mtu ambaye yeye hakutaka kumkuta.

Angalieni yalitokea wapi mazungumzo hayo. Hayakutokea ofisini, wala mbele ya msalaba na mshumaa. Yalitokea njiani, gizani, na mtu asiyeweza kumpa adhabu wala kumfukuza.

Watoto wa bweni wakikosa njia hiyo, mwili hutafuta yake. Wazee wa Kagera wanaikumbuka shule ya misheni ya wasichana ya Kashasha, ambako tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kunyamaza. Kicheko kikaenea mpaka wanafunzi 95 kati ya 159, wengine hadi siku 16, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Waganga waliopima hawakuona ugonjwa. Katika walimu hakuna hata mmoja aliyepatwa. Hilo la mwisho ndilo linanifikirisha kila nikisikia leo shule fulani wasichana "wamepandisha mashetani" na mkuu wa shule ameita watu wa maombi. Maombi sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe nasali rozari kila jioni. Ugomvi wangu ni kumpa mtoto rozari kabla hajamaliza sentensi yake. Na kwetu Walutheri walikuwepo, Waislamu pia. Ukiona dawa yako ya kwanza haimfai mmoja kati ya watano waliolala bwenini, jua unaanza mahali sipo.

Kuna jambo ambalo nililijifunza kwa kulikosea. Mwaka wangu wa kwanza nilimwahidi binti mmoja, "Sitamwambia mtu." Alichonieleza kilikuwa cha kupelekwa polisi siku ileile, dawati la jinsia na watoto, nami nimeshafunga mdomo wangu kwa kiapo cha kijinga. Nilikaa nacho siku mbili, kisha nikakivunja, na yule mtoto hakuniamini tena mpaka anamaliza shule. Padre ana siri ya kitubio, matroni hana. Tangu hapo nilikuwa natanguliza: mwanangu, mengi yatabaki hapa, ila ukiniambia mtu anakuumiza, lazima nitafute mkubwa wa kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nimemwambia nani. Wengine walinyamaza papo hapo. Wengi walirudi. Namba 116, simu ya mtoto, niliiandika kwa chaki ndani ya mlango wa choo, kwa kuwa ndiko mtu anaweza kuisoma bila kuonekana. Simu za wanafunzi zimekatazwa, ndiyo. Walitumia yangu, na nilikuwa naondoka nikiwaachia, kwenda kuhesabu sahani ambazo nilishazihesabu.

Najua mtaniuliza pesa. Afisa ustawi wa jamii yuko wilayani, nauli kwenda na kurudi ni mfuko wa mahindi, na shule haina fungu la kumwajiri mnasihi. Sisi hatukuajiri mtu. Mwaka wangu wa mwisho Sista aliitoa kazi ya ushauri kwa mwalimu wa nidhamu akampa mwalimu wa Baiolojia, dada mpole asiye na ofisi wala fimbo, akampunguzia vipindi vinne kwa wiki. Kwa kuwa hana ofisi, akawa anapatikana jioni kwenye mabanda ya sungura nyuma ya bustani, na wasichana wanakwenda mmojammoja kumsaidia kuwalisha. Ukipita huoni ila watu wawili wanakata majani. Daftari la wagonjwa alilorithi matroni mpya nimeliona mwezi uliopita: matumbo yamepungua. Sungura wamenenepa mno, Sista analalamika.