Nyumbani kwetu kulikuwa na pishi mbili

Jamani hili swali lenu la wiki hii, kwamba imani ya dini inamfanya mtu awe mwema zaidi au la, limenikaa kooni tangu Ijumaa. Nimelisoma kwenye daladala natoka Mwanakwerekwe, nikalisoma tena nyumbani watoto washalala, na kila nikilisoma linanirudisha Pemba, barazani kwa ami yangu upande wa Konde, msimu wa karafuu, mie nna miaka 12 nimeshika pishi.

Kwa asiyeijua, pishi ni kopo la kupimia, pishi moja ni vibaba vine, na mchumaji wa karafuu kwetu analipwa kwa pishi. Asubuhi anapanda mkarafuu na pakacha lake, anashuka na mashada, jioni anakaa jamvini na wanawe wanachambua, karafuu huku makonyo, yani vijiti vya mashada, kule, mpaka viganja vinakuwa vyeusi vinanata na harufu haitoki hata uoge vipi. Baada ya hapo ndo anakuja kupimiwa. Mpimaji nlikuwa mie, mana nlikuwa nasoma skuli na hesabu nazijua.

Sasa nyumba ile ilikuwa na pishi mbili. Moja ilikaa kabatini imefunikwa kitambaa, hiyo ya zakatul fitri, Ramadhani ikikaribia kuisha ami anaitoa anapimia mchele, kila kichwa pishi moja, na ikishajaa anaongeza konzi juu yake, anasema ni tahadhari isije zaka ikapungua. Ya pili ilikaa barazani, ya wachumaji, na kitako cha hii kilikuwa kimegongwagongwa kwa ndani mpaka kimebenuka nje. Ukiziweka pamoja kwa mbali huoni tofauti. Siku moja mie nacheza tu, nikajaza karafuu ile ya barazani nikazimimina kwenye ile ya kabatini, ikajaa fufufu na bado zikabaki konzi mbili nzima mkononi. Nikazirudisha pahala pake haraka, na kwa nini nlifanya haraka vile wakati sikuwa nimeiba kitu, hilo nlikuja kulijua baadae.

Na juu ya kitako kulikuwa na kutikisa. Nlifundishwa, ukijaza nusu tikisa, karafuu zinalala, jaza tena, tikisa tena, mwisho ndo uweke kilele.

Ami alikuwa mtu wa dini kwelikweli, na hapa naomba mnielewe vizuri, hakuwa mtu wa kujionesha. Alfajiri yeye ndo anafungua mlango wa msikiti, Jumatatu na Alkhamis amefunga, ana alama ya sijda kwenye paji la uso, na akisoma Yasini kwenye khitma ya mtu analia machozi ya kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Mtu huyohuyo akitoka msikitini anapita barazani, anaitazama pishi, ananiambia kwa upole kabisa, "tikisa mwanangu, tikisa, watatufilisi hawa."

Kulikuwa na bibi mmoja mchumaji, mtu mzima, mumewe kafa, hapandi tena, anachuma matawi ya chini kwa ngoeko, kijiti cha kuvutia tawi. Siku hiyo nlimtikisia mara tatu. Alikuja akijua ana pishi nne kamili, mana mtu aliyechuma maisha yake yote hahitaji kopo kujua, na kwangu zikatoka tatu na kidogo. Hakusema neno. Kulikuwa na karafuu zimemwagika jamvini pale nlipokuwa natikisa, akainama akaziokota moja moja, akazitia mwenyewe kwenye pishi, akanitazama usoni, akachukua pesa zake akaenda.

Mie wakati huo chuoni, chuo cha Qurani, nshahifadhi juzuu amma yote, ile sehemu ya mwisho ya msahafu. Wailul-lil-mutaffifin naisoma kwa sauti, nshapewa hadi halua kwa sura hiyo. Maana yake sikuijua hata moja. Na wiki ileile, sitosahau, maalim akaanza kututafsiria, akafika hapo, ole wao wanaopunja, wale ambao wakipimiwa na watu wanataka watimiziwe, na wakiwapimia watu wao wanapunguza. Wenzangu wanaandika, mie mkono umesimama. Yani kitu nlichokuwa nakiimba siku zote kumbe kilikuwa kinanisema mie, na kopo langu, na bibi yule.

Kesho yake sikutikisa. Nikajaza, nikaweka kilele, basi. Kitako sikuweza kukifanya kitu lakini kutikisa nliacha. Ami hakujua mpaka mwisho wa wiki hesabu ilipomkataa, akaninyang'anya pishi akampa mtoto wa shangazi, na mie nikapelekwa kuanua na kuanika.

Kwaio mkiniuliza dini inamfanya mtu awe mwema, mie naona watu wawili kwenye baraza moja na aya moja. Mimi ile aya ilinikamata mkono. Ami aya hiyo alikuwa anaijua kabla sijazaliwa, Kiarabu anakifahamu kuliko maalim wetu, na haikumgusa. Jibu langu baada ya miaka yote hii ni kwamba dini inamnyang'anya mtu udhuru, wema anatakiwa autafute mwenyewe. Baada ya siku ile ya chuoni sikuweza tena kusema sijui. Hicho ndo nlichopewa na dini na sikidharau, ni kitu kikubwa mno, lakini kinaishia hapo, kutoka hapo ni mkono wangu na kopo.

Na wema bila dini upo, nimelala nao wodi moja. Mamangu alipopasuliwa hospitali ya Mkoani, kulekule Pemba, aliyempasua alikuwa daktari wa Kichina, wale wanaokuja Zanzibar kwa zamu tangu 1964, wanatoka jimbo la Jiangsu. Kijana mwembamba, Kiswahili chake "pole" na "maumivu wapi". Nlimuuliza kwa mkalimani dini yake nini, akatikisa kichwa, hana. Usiku saa nane mvua inapiga, mie nimejiegemeza kwenye kiti, nkamuona anaingia peke yake, hajaitwa na mtu, akamtazama mama, akagusa dripu, akaona miguu iko nje akamvutia shuka mpaka kwenye vidole akaondoka. Hakujua kama niko macho. Nlikaa nikijiuliza, huyu nani anamuandikia thawabu na hataki hata kuandikiwa? Nlipomsimulia sheikh wetu hakubabaika, akanambia hiyo ndo fitra, Mungu kaumba binadamu na wema ndani yake kabla hajamletea kitabu. Nikaona hapo sheikh kajibu kwa uadilifu kuliko wale wanaosema asiye na dini hana cha kumzuia.

Mana hilo neno nalisikia sana huku kwetu, kwamba ukishaondoa hofu ya Mungu watu watalana. Nendeni Mkunazini pale lilipokuwa soko la watumwa. Lilifungwa 1873, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipotia saini mkataba na Waingereza kwa kubanwa, na utumwa wenyewe hapa visiwani haukufutwa mpaka 1897. Waliouza walikuwa wanasali, walionunua wanasali, adhana zinasikika mpaka sokoni. Na Wakristo nao wasijione wamesalimika, waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa kwenye meli kuvushwa Atlantiki na watu waliobatizwa, na waliokuja kupigania isimamishwe wengi wao nao walikuwa na Biblia hiyohiyo mkononi. Qurani imeweka kumuacha huru mtumwa iwe kafara ya makosa kadhaa, kila aliyesoma analijua hilo, na bado minyororo ilikuwepo. Kitabu kimoja, huyu kinamfungua macho, mwengine anakilalia.

Kuna utafiti ulifanywa Marekani mwaka 1973, Princeton, na wanasaikolojia wawili, Darley na Batson, ambao mie nikiusoma namuona ami. Walichukua wanafunzi 40 wa chuo cha uchungaji, wakawaambia nenda jengo la pili ukatoe hotuba fupi, wengine hotuba yenyewe ni ile hadithi ya Msamaria Mwema aliyemsaidia mtu aliyetupwa njiani. Njiani wakawawekea mtu kajikunja mlangoni, anakohoa, anagumia. Wengine waliambiwa umechelewa kimbia, wengine wakaambiwa una nafasi. Wenye nafasi waliosimama kusaidia walikuwa 63 kwa kila 100, waliochelewa 10 tu. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana, na kuna waliomruka kabisa yule mtu wakaenda zao kuhubiri huruma. Vijana wale hawakuwa waongo, imani yao ilikuwepo, ila ilikuwa mbele kwenye hotuba na mtu alikuwa hapa chini miguuni.

Upande wa pili kuna utafiti wa Morocco, Marrakesh, uliotoka 2015, watu wa maduka kwenye mji mkongwe waliulizwa wachague pesa iende kwao au itolewe sadaka. Adhana ikiwa inasikika, waliochagua sadaka walikuwa wengi zaidi kuliko wakati hakuna adhana. Mtu mwenye duka pale Darajani hahitaji mtafiti amwambie hili, anajijua. Muadhini akianza sauti inashuka, ukali wa bei unashuka, hata mteja msumbufu anasamehewa. Tabu ni kwamba adhana inamalizika. Ramadhani nayo ni hivohivo, mtu anamwaga sadaka kumi la mwisho na mtu huyohuyo ndo kapandisha bei ya muhogo na ndizi mwezi wenyewe ulipoandama, kwa sababu anajua hatuna budi tufuturu.

Ami, nafikiri, pishi ya kabatini aliishika na adhana masikioni, ya barazani hakuisikilizia kitu. Sidhani kama aliwahi kuziona kuwa ni kopo la aina moja. Hii inaniuma zaidi kuliko angekuwa mnafiki, mnafiki ungemkwepa, lakini mtu anayelia kwenye Yasini unamkwepa vipi? Na ndo mana nawaomba masheikh na maalim zetu, msitosheke na kuhifadhisha, mtoto kama mie angeweza kumaliza misahafu mitatu na kutikisa maisha yake yote kama maalim yule asingesimama kwenye aya moja akaitia Kiswahili. Tafsirini, tena tafsirini kwa vitu vya pale pale kijijini, kwa pishi, kwa mizani ya samaki, kwa nauli ya daladala, kwa mshahara wa mtumishi wa ndani ambaye miezi miwili hajalipwa na mwenye nyumba kenda umra. Hasa huyo wa mwisho, mana nshaziona picha zake kwenye stetasi akiwa Makka na yule dada wa kazi kaja kwangu kukopa pesa ya boti arudi kwao, na nlishindwa nilie au nikasirike.

Kuna hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba, mnamjua muflisi? Wakasema asiyekuwa na pesa wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wangu ni atakayekuja siku ya Kiyama na sala na funga na zaka, na kaja kamtukana huyu, kala mali ya huyu, kampiga yule, basi watagawiwa mema yake mpaka yaishe na haki zao hazijesha, na madhambi yao atatwishwa yeye. Kila nikiisikia naona jamvi. Na wanazuoni wetu wametwambia wazi kwamba haki ya Mungu ukitubia anasamehe, haki ya mja mpaka mwenyewe akusamehe. Hapa dini inafanya kitu ambacho sijui kama ningekifanya bila yake, mana mie binafsi yale ya pishi ningeshajisamehe zamani, nlikuwa mtoto, nlitumwa, hesabu zenyewe ndogo. Dini ndo imekataa nijisamehe kitu ambacho si changu.

Ami kafa, Mungu amrehemu, na pishi ya barazani sijui ilikwenda wapi. Mwaka jana nlikwenda Pemba kwenye arusi, nikaulizia habari za yule bibi. Kafa zamani. Mwanawe wa kike yupo, ana genge la mboga njia ya kwenda Micheweni, mtu mzima naye saivi ana wajukuu. Nikaenda, nikasalimia, nikakaa kwenye gogo, nikamueleza yote, kutikisa, kitako, siku ile ya karafuu kumwagika. Nikatoa pesa nlizokuwa nimezikunja kwenye bahasha.

Alinisikiliza huku anafunga mafungu ya mchicha, hakusimamisha mikono. Nilipomaliza akaniuliza, "pishi ngapi?"

Nikamwambia sijui dada, msimu mzima ule, sikuhesabu.

Akaichukua bahasha bila kuifungua, akaitia ndani ya kanga. Akasema atamtolea mamake sadaka. Neno la radhi hakulitamka, na mie sikuwa na uso wa kumuomba mara ya pili, nikanunua mafungu mawili ya mchicha nikaondoka.