Mtoko wa kawaida na nywele ndefu: maswali yenu

Kwa harusi na sendofu huwa hamniandikii sana. Siku hizo kila mtu anajua njia: anawahi saluni, analipa, anakaa chini ya draya mpaka zamu yake iishe. Maswali hujaa pale mtu anapoalikwa kitu chepesi, nyama choma ya Jumapili, kikao cha kikoba, sikukuu kwa wakwe, na nywele zake ni ndefu, hajui aziachie au azibane. Kabla sijataja mtindo wowote, mimi nataka kujua ukifika pale mikono yako itakuwa inafanya nini. Itashika sahani? Mtoto? Mwiko? Hilo huamua mengi kuliko umbo la uso au rangi ya gauni.

Dada, habari za kazi. Nimesuka rasta zinazofika kiunoni. Jumapili tumealikwa nyama choma kwa rafiki yetu anayekaa Njiro, hapa Arusha, ni nje, bustanini. Nikiziachia zinaingia kwenye sahani, nikizibana zote utosini kichwa kinaniuma. Nifanyeje?

Bana nusu ya juu, ya chini iache ilale mgongoni. Zinazokusumbua mezani ni za mbele na za pembeni, za kisogoni hazina shida na mtu. Pitisha kidole kutoka juu ya sikio moja hadi jingine kwa nyuma ya kichwa. Zote zilizo juu ya mstari huo zikusanye nyuma, usizipandishe utosini. Kisha chukua rasta mbili kutoka kwenye fungu hilohilo, moja kila upande, zizungushe mara mbili kulizunguka fungu na uzifunge fundo kwa chini. Mpira wa nywele hauhitajiki hapo, na ile mipira myembamba hukata nywele zako mwenyewe ndani ya rasta bila wewe kujua. Ukimaliza, inama mbele ya kioo kama mtu anayefuata chumvi upande wa pili wa meza. Rasta itakayokuja mbele ya macho yako ndiyo itakayoingia kwenye kachumbari.

Kichwa kinauma kwa sababu rasta za kiunoni ni nzito, na ukizipandisha zote utosini uzito wote unaning'inia kwenye mizizi ya kisogoni na ya mbele. Ukitaka kuzibana zote, zifume msuko mmoja mnene ulegee kuanzia kisogoni, uuache ushuke. Ni mtindo wa dakika chache na unapendeza hata na jinzi na raba.

Sasa moto. Hili nalisisitiza kwa sababu nyama choma zetu kila mgeni hupenda kwenda kugeuza kipande chake. Rasta nyingi za madukani ni nyuzi za plastiki. Ndiyo maana msusi huzichovya ncha kwenye maji ya moto, au huzipitishia kiberiti, ili zisifumuke. Joto linaloziba ncha ndilo linaloyeyusha rasta nzima. Ncha ikigusa kaa inajikunja, inanata, na tone lake likidondoka kwenye ngozi linaganda hapohapo likiwa bado la moto. Ukisogelea jiko, rusha zote nyuma, zitumbukize ndani ya sweta au zifunge kwa kitenge. Kitenge kitakusaidia pia na moshi. Ukirudi nyumbani usipulizie manukato juu ya harufu ya moshi, zitakaa zote mbili wiki nzima. Kesho yake loweka kitambaa kwenye maji yenye shampuu kidogo, kikamue, pitisha kutoka mzizi hadi ncha, halafu rudia na kitambaa cha maji matupu. Ziache zikauke kabisa kabla ya kulala.

Mimi nina nywele zangu halisi, za kipilipili, sijaweka dawa. Nikizivuta zinafika mabegani lakini zinajikunja zinaonekana fupi. Jumamosi asubuhi kuna kikao cha kikoba kule Sakina na safari hii nataka urefu wangu uonekane. Pasi ya nywele naiogopa.

Endelea kuiogopa. Tumia uzi, kama walivyotufanyia mama zetu. Ijumaa jioni paka mafuta kidogo nywele zikiwa na unyevu mdogo tu, zisiwe zinadondosha maji, gawa mafungu manane au kumi, zungushia kila fungu uzi kutoka mzizini hadi nchani, uzi ukae karibukaribu bila kubana. Lala na kitambaa laini cha satini. Asubuhi fungua uzi, chana kwa chanuo lenye meno mapana, zirudishe nyuma kwa kibanio kimoja. Zitakuwa zimenyooka kiasi cha kuonyesha urefu, na hazikupitiwa na moto.

Ila angalia mbingu kwanza. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zetu ni mawingu na manyunyu. Nywele za kipilipili zikipata unyevu zinarudi zilikotoka, zinaweza kupoteza nusu ya urefu kabla hujafika kituoni. Ndugu yako wa Moshi, kule chini kwenye joto, atatoka na mtindo huohuo na utadumu mpaka jioni. Kwa hiyo ukiamka ukakuta manyunyu, usipambane nayo: zisokote mbilimbili, au suka mabutu mawili manene yashuke nyuma ya masikio. Urefu utaonekana na mvua haitakuwa na la kufanya.

Natoka Usa River kwa bodaboda kuja mjini kwa marafiki. Kofia ngumu inaharibu nywele zote. Nisivae?

Vaa. Hilo halina mjadala hata kidogo. Chagua mtindo unaokaa chini ya kofia: twende kilioni, au msuko mmoja wa kisogoni, chini kabisa karibu na shingo. Kila fundo la utosini huisukuma kofia isikae vizuri kichwani, na kofia iliyokaa vibaya haikulindi. Funga kitambaa chepesi kwanza, kwa usafi pia, kwani kofia ya bodaboda imevaliwa na wengi kabla yako. Ukifika, fungua msuko, pitisha vidole, umemaliza.

Dada mambo. Mimi ni mwanaume, nina dredi zinafika mgongoni. Desemba tunakwenda Marangu kwa kina mke wangu, ukoo wote unapanda kwa ajili ya Krismasi, mbuzi atachinjwa, wazee watakuwepo. Mke wangu anasema nisinyoe, lakini mimi nina wasiwasi. Nizifiche kwenye marvini?

Poa kaka. Mkeo yuko sahihi, usinyoe. Na usizifiche. Mzee akikuta kijana amekaa sebuleni kwake na kofia kichwani atakachokiona ni kofia, na itamkera kuliko dredi. Vua marvini mlangoni, shikamoo itangulie.

Kazi yako ni kuwafanya waone nywele zinazotunzwa. Tengeneza mizizi wiki moja kabla ya safari, isiwe siku ya kuamkia, maana mizizi iliyosokotwa jana ngozi yake bado nyekundu na inameta mafuta. Zioshe siku mbili au tatu kabla. Dredi ndefu hukauka nje ndani ikabaki mbichi, na Marangu, kule mlimani, kuna ubaridi kuliko Moshi mjini hata mwezi wa joto. Ukiziosha usiku wa kuamkia safari utapanda na kichwa chenye harufu ya nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka, na hiyo wakwe watainusa kabla hujakaa.

Siku yenyewe zikusanye zote kisogoni, zifunge kwa kamba ya kitambaa cheusi au dredi moja, zishuke mgongoni juu ya shati lenye kola. Shati lenye kola lina msaada mkubwa, usilidharau. Ukiitwa kusaidia kuchinja au kukata nyama, zikunje ndani ya kola au uzifunge kitambaa. Mkwe anayeshika kisu bila nywele kuning'inia juu ya nyama anapewa kisu tena mwaka ujao. Kuna mjomba mmoja au wawili watakaokuuliza utanyoa lini. Jibu kwa upole kwamba unazipenda, kisha uliza habari za migomba na kahawa.

Asalaam aleykum dada. Nipo Moshi, Majengo. Navaa mtandio kila siku. Wiki ijayo tuna mkusanyiko wa wanawake watupu, alasiri, ndani, mitandio tutavua. Nywele zangu ni ndefu na laini, ila nikivua zinakuwa zimelala, zina jasho, na zina alama ya mpira. Sitaki kuanza kuzitengeneza chooni kwa watu.

Waaleykum salaam mdogo wangu. Alama ya mpira inatokana na kubana kukiwa na unyevu. Kitu cha kwanza, usifunike nywele mbichi, hata ukichelewa. Kwenye joto la Moshi ngozi ya kichwa inakaa na majimaji saa nyingi, inawasha, inatoa mba na harufu. Zioshe siku moja kabla, zikauke zenyewe.

Kabla ya kutoka, zigawe mbili, sokota kila upande bila kubana, zizungushe ziwe vifundo viwili vidogo chini kabisa kisogoni na uvishike kwa pini mbilimbili. Usitumie mpira. Juu yake vaa kitambaa cha ndani cha pamba, kile chepesi, halafu mtandio. Ukifika, toa pini, tikisa, pitisha vidole: utakuwa na mawimbi yaliyojitengeneza njiani. Kwenye mkoba beba chanuo dogo na matone mawili matatu ya mafuta ya nazi kwa ajili ya ncha tu. Ukiyagusisha kwenye mizizi zitalala tena.

Jana nimesukwa saluni moja hapa Arusha kwa ajili ya sherehe ya kesho. Usiku sijalala, siwezi kulaza kichwa, na mbele kwenye paji kumetoka vipele vidogo. Msusi kasema itazoea baada ya siku tatu. Nimeze panadol tu?

Panadol itatuliza maumivu ya usiku, mzizi utaendelea kuvutwa. Tafadhali fumua mstari wa mbele leo, kabla ya sherehe. Sijali umelipa shilingi ngapi.

Kila kipele kidogo unachokiona kiko pale nywele inapotokea, na kinakuambia kwamba nywele inavutwa kuliko mzizi unavyoweza kustahimili. Ikitokea mara moja na ukalegeza, itapona. Ikirudiwa kila mwezi, mwaka hata mwaka, nywele za pajini na pembeni ya masikio huanza kunyonyoka, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na mzizi ukishaingia kovu hauoti tena, si kwa mafuta ya aina yoyote yanayouzwa Soko Kuu. Wanawake wengi wa umri wangu wanavaa kilemba kila siku kwa sababu hiyo, na waliambiwa maneno hayohayo, kwamba itazoea. Inaniuma sana kulisikia bado linasemwa kwa wasichana.

Jinsi ya kuokoa kesho: fumua mbili tatu za mbele kote kuzunguka paji, nywele zako hizo zichane nyuma kwa maji na mafuta kidogo, juu yake funga kitambaa cha kitenge kipana kama vidole vinne, kilegee. Nyuma rasta zinabaki. Watu wataona ni mtindo. Vipele vikitoa usaha au homa ikipanda, nenda zahanati.

Safari ijayo mwombe msusi aanze na nywele yako kisha aongeze rasta kidogokidogo anavyoshuka, bila lile fundo la mzizini. Inachukua muda na bei iko juu kidogo, lakini uzito unapungua pale panapouma. Akiwa bado anasuka, inua nyusi. Ukishindwa kuzinyanyua bila kuumia, mwambie alegeze palepale. Ni kichwa chako na ni hela yako, huna haja ya kuona haya. Na usuke siku tatu au nne kabla ya shughuli.

Binti yangu ana miaka tisa, anataka rasta mpaka mgongoni kwa ajili ya bethidei ya rafiki yake. Jumatatu shule.

Hapana. Nywele za mtoto bado ni nyepesi, uzito ule haumfai, na shule nyingi zinataka nywele fupi au njia za kawaida, kwa hiyo Jumapili usiku utakuwa unafumua huku analia. Msuke mabutu kwa nywele zake, mpe achague mwenyewe rangi za shanga na riboni, na asizidishiwe shanga za nchani zikampiga machoni akiruka kamba.

Nina wigi refu. Jumamosi marafiki wanakutana Kijenge, muziki utakuwepo na mimi nacheza kwelikweli. Litachomoka?

Likiwa limekaa juu ya nywele zilizofura, litachomoka. Suka njia nyembamba zilizolala kabisa, ncha zishonee chini, vaa kitambaa cha wavu, kisha wigi, na ulibane kwa pini mbele mara mbili, kila sikio moja, na kisogoni moja. Gundi sikushauri kwa mtoko wa saa chache, hung'oa nywele za pajini wakati wa kuitoa. Nyumbani washa muziki, cheza wimbo mmoja mzima ukiwa umelivaa, uiname na uzunguke. Pale litakapocheza ongeza pini moja.