Jibu: Kisima cha Shela chakauka kwa robo saa

Waalaykum salaam dada. Umesema pampu yako ya hosipawa moja hukausha kisima kwa robo saa na maji yameanza chumvi, na fundi akwambia uchimbe zaidi. Tafadhali usichimbe. Hapa Lamu maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na hayo matamu ni ya mvua inayopenya kwenye michanga ya Shela. Ukishuka zaidi au ukivuta kwa nguvu, ya chumvi hupanda.

Kwanza pima. Funga jiwe kwenye kamba, ulishushe alfajiri kabla ya kuvuta, uone kamba imelowa mpaka wapi. Vuta, kisha pima kila nusu saa hadi maji yarudi palepale. Kisima cha upana wa mita 1, maji yakipanda sentimita 10 ni karibu lita 80.

Ukishajua kinatoa ngapi kwa saa, tia pampu ndogo ijaze tangi kidogo kidogo, mchana mtumie ya tangi. Mdomo wa bomba uinue, usilale chini kabisa. Kwangu utamu ulirudi hivyo, ingawa wakati wa kaskazi, msimu wa ukavu, tunapunguza kufua.

Choo chenu kiko umbali gani na kisima? Hilo nijibu kwanza.