Kafyu ya Kenya: watu hawakukaidi tu

Unasema Wakenya walivunja kafyu ya korona, ile amri ya kutotoka nje usiku, kwa ukorofi tu. Hapana, ndugu yangu. Wengi waliitii, tena kwa muda mrefu mno: ilianza 27 Machi 2020, ikaongezwa na kuongezwa, hadi ikaondolewa 20 Oktoba 2021. Kilichowaudhi watu ni jinsi ilivyosimamiwa. Siku ya kwanza kabisa, hata saa moja jioni, saa ya kafyu kuanza, haijafika, polisi waliwarushia vitoa machozi abiria waliokuwa wakingoja feri pale Likoni, Mombasa, warudi makwao. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi na kufa, akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi. Baada ya hapo utamwambiaje mzazi kwamba kafyu inamlinda?

Na kibarua wa kulipwa kwa siku, matatu zimepunguziwa abiria na nauli imepanda, angefikaje kwake mtaani Kayole, Nairobi, mapema? Barakoa tulivaa. Misikiti na makanisa yalipofungwa, tulivumilia. Lakini wanasiasa walipoanza kujaza viwanja mchana huku mama mboga akikimbizwa usiku, watu wakaacha kuamini.